Msumeno Jikoni mwa Atupokile

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba mvua za elnino zimezidi kipimo nchi nzima. Watu wa Kisondela walisikiliza kwa adabu, wakachungulia nje, wakaona mvua ile ile ya siku zote, wakaendelea kumenya ndizi. Huku Rungwe mvua haijawahi kungoja kupewa jina la kigeni ndipo inyeshe.

Kilichokuwa kigeni mwaka ule ni soko huria. Lilifika kwenye kiwanda cha chai likiwa limevaa suti, likazunguka katikati ya mashine, likatikisa kichwa, na kabla ya Krismasi Ambindwile akaitwa ofisini kuambiwa kwamba amepunguzwa. Alikuwa ameipaka grisi mitambo ya kiwanda kile tangu hajaota ndevu, na sasa alipunguzwa kama nywele. Akapewa kiinua mgongo, jina zuri sana kwa kitu ambacho humrudisha mtu nyumbani ameinama.

Mkewe, Atupokile, ambaye watu humwita Mama Doreen kwa jina la binti yao mkubwa, alimshauri anunue ng'ombe wa maziwa. Wenzake wote waliopunguzwa walinunua ng'ombe.

"Ng'ombe ni wa watu wasio na fani," Ambindwile alimjibu. "Mimi ni mtu wa mashine."

"Ni kweli," Atupokile akasema. "Na mashine zenyewe zimekulilia sana ulipoondoka. Mpaka leo zinakataa kula."

Hivi ndivyo Atupokile alivyozungumza. Hakuwa mgomvi, wala hakuwahi kumpandishia mumewe sauti. Alikuwa na ulimi uliopinda tu, kama mundu, na kwa miaka mingi ya ndoa Ambindwile alikuwa amejifunza kuuacha upite juu ya kichwa chake. Mazoea hayo yalikuja kuwaponza wote wawili.

Mwezi wa pili Ambindwile alipanda basi kwenda Mbeya kutafuta bati, akarudi juu ya lori na mashine. Karakana ya shirika moja la umma, iliyokuwa ikitengeneza madawati, ilikuwa imefilisika na vitu vyake vikauzwa kwa mnada. Kilichobaki mpaka mwisho, baada ya watu wenye akili kuchukua randa na tezo, kilikuwa msumeno wa mkanda: magurudumu mawili makubwa ya chuma, moja juu na moja chini, mithili ya baiskeli iliyosimamishwa wima kwa adhabu, na katikati meza ya chuma. Ukanda wa msumeno huzunguka juu ya magurudumu hayo, ukishuka kupitia kwenye meza, na ubao husukumwa pale ukakatwa. Ukanda wenyewe haukuwa umepachikwa. Ulikuwa umekunjwa mizunguko mitatu, umefungwa waya, umevaa kutu na utomvu mpaka ukawa kama nyoka aliyejivua gamba akabadili mawazo.

"Nitapasua mbao za wilaya nzima," Ambindwile alisema akiwa bado juu ya lori, amelowa chapachapa.

"Na bati?" Atupokile akauliza.

Bati lilikuwa limesahaulika.

Mashine ile ilihitaji sakafu ya saruji, vinginevyo ingetetemeka hadi kuzama kwenye udongo wetu mwekundu. Pale nyumbani sakafu ya saruji ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya jiko. Jiko lile Atupokile alilijenga mwenyewe kwa ndizi alizobeba kichwani gulio baada ya gulio: tofali la kuchoma, paa zuri, dirisha la kutolea moshi, sakafu ambayo hata nyumba kubwa haikuwa nayo. Jirani zake walikuwa wakipika kwa kupuliza kuni huku macho yakitoka machozi. Yeye alipika amenyooka. Kama kuna kitu duniani alichowahi kukiita changu bila kuangalia nyuma kama kuna mtu anasikia, ni jiko lile.

Ambindwile hakumwomba. Alikuja na Meshaki, jirani yao mwenye injini ya dizeli iliyokuwa ikisaga mahindi kabla mashine ya kusagia haijavunjika, wakasimama mlangoni pa jiko wakipima kwa macho.

"Shemeji," Meshaki alisema, "ni kwa muda tu."

"Hata mkoloni alisema hivyo," Atupokile alijibu. Akayatoa mafiga yake matatu, moja baada ya jingine, akayapanga nje chini ya turubai walilolifunga kwenye migomba. Lakini kabla hajatoa la mwisho alimgeukia mumewe, na safari hii ulimi haukupinda. "Baba Doreen, mbele ya huyu Meshaki. Ikifika Pasaka mashine hii haijapasua ubao, inauzwa na jiko langu linarudi."

"Ikifika Pasaka utakuwa na meza ya kulia chakula," Ambindwile akasema.

"Sema sawa."

"Sawa."

Sasa lazima aingie Amoni, ingawa yeye mwenyewe asingekubali kuingia. Amoni alikuwa baba yake Ambindwile, mzee mjane aliyeishi ng'ambo ya kijito, na alikuwa mtu wa desturi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike humtila baba mkwe wake: hamtazami usoni, haketi naye, hakutani naye njiani bila kupisha vichakani, wala hatamki jina lake. Mchungaji alishasema mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Amoni alimsikiliza akasema, "Mchungaji ana mkwe wake, mimi nina wangu." Hivyo tangu siku ya arusi Amoni na Atupokile walikuwa hawajatazamana. Alipokuwa na neno la kusema, mzee alikuja mpaka nyuma ya migomba, akageuza kisogo, akazungumza na kuku. Palikuwa na kuku mmoja mwekundu, mtetea mzee asiyetaga tena, aliyependa kuparura pale, na mambo yote makubwa ya ukoo ule yalipitia kwake.

"Wewe kuku," alisema Amoni siku mashine ilipoingia jikoni, "mwambie mwanangu kwamba mtu aliyefukuzwa na mashine hafuatani nazo mpaka nyumbani."

Ndani ya turubai Atupokile aliinamisha uso kwenye sufuria. Alimpenda mzee yule sana, kwa kadiri mtu anavyoweza kupenda kisogo.

Mwiko wa jina ulikuwa na matawi. Mkwe hatamki jina, wala neno linalofanana na jina. Sasa, kwa Kinyakyusa meno ni amino. Amino na Amoni vimetengana kwa herufi moja, na herufi moja ni uzi mwembamba wa kumtenga mtu na aibu. Kwa hiyo tangu aolewe Atupokile hakuwahi kuyataja meno. Alisema vya kutafunia. Na kwa kuwa ulimi ukizoea huzoea moja kwa moja, aliliacha neno hilo hata katika Kiswahili, kwa usalama. Watoto wake waliota vya kutafunia. Aliwahi kwenda zahanati amevimba shavu, akamwambia nesi kwamba vya kutafunia vinamsumbua, naye nesi akamwonyesha mama lishe ng'ambo ya barabara.

Kuufunga msumeno kulichukua majuma. Kwanza Ambindwile alimpa Atupokile ule ukanda ausugue kwa majivu na mafuta ya taa, maana kusugua ni kazi ya mwenye jiko hata akiwa hana jiko. Aliusugua siku nzima kwenye mvua, na vidole vyake vikaujua kuliko mtu mwingine yeyote: ukipapasa kwenda huku unateleza, ukirudi unachomwa. Kisha wanaume wakaufungua, ukaruka na kujikunjua wenyewe kwa kishindo kama mtego, wakaupachika juu ya magurudumu. Wakaifunga injini ya Meshaki nyuma ya ukuta, wakatoboa tundu kwenye tofali la Atupokile bila kumwambia, wakapitisha belti.

Siku ya kwanza injini ilikohoa, ikashika, magurudumu yakazunguka na ukanda ukashuka unang'aa. Watu wa jirani walikuwa wamejaa. Ambindwile akaleta kipande cha mkaratusi, akakisukuma. Kikatoka moshi. Akasukuma zaidi, ukatoka moshi zaidi, na ubao ukapata doa jeusi la ukubwa wa ukucha.

"Hongera, Baba Doreen," Atupokile alisema kutoka kwenye turubai. "Sasa tuna mafiga manne."

Meshaki alisema injini inazungusha kinyume. Wakalivua belti, wakalikunja katikati kama namba nane, wakalirudisha. Sasa ukanda ulipanda badala ya kushuka. Ambindwile akasukuma ubao, na ubao, badala ya kukatwa, ulinyanyuka mezani, ukaruka, ukapiga bati la jiko na kutoa tundu lililopitisha mwanga mzuri kabisa.

"Wewe kuku," ilisikika nyuma ya migomba, "leo usisimame karibu na paa."

Baada ya hapo Ambindwile alipaka grisi. Grisi ilikuwa jibu lake kwa maswali yote. Alifungua beringi, akazipaka. Akafunga, akafungua tena. Mbao ziliendelea kutoa moshi belti likiwa limenyooka na kuruka likiwa limekunjwa, na watu wakaacha kuja kutazama. Hilo lilimuuma zaidi ya kucheka kwao. Jioni alikaa mbele ya ile mashine amejifunika koti la kiwandani, bado na nembo ya kiwanda kifuani, na Atupokile akipita na kuni mbichi mkononi aliona mtu anayengoja kengele ya zamu ambayo haitapigwa.

Ilikuwa ni siku kama hiyo, Ambindwile akiwa ameenda kuomba grisi, ndipo Atupokile aliingia jikoni mwake kutafuta mwiko wa kupikia. Akaugusa ule ukanda kwa kidole, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyemwogesha. Akapapasa kwenda chini. Ukamchoma. Akapapasa kwenda juu. Ukateleza. Akasimama akifikiri. Meno yalikuwa yakitazama juu, na wakati belti limenyooka ukanda ulikuwa ukishuka chini. Mashine ilikuwa ikijaribu kuuma muwa kwa kisogo. Na walipokunja belti, meno yaliuma kweli, lakini yakielekea juu, ndiyo maana yalinyanyua ubao na kuutupa. Wanaume walipoufungua ule ukanda ulijikunjua ndani nje, kama mkono wa sweta mtu anapovua kwa haraka. Ilitakiwa kuutoa na kuugeuza tu.

Alikaa chini kwenye sakafu yake ya saruji, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka Pasaka. Ilikuwa imebaki wiki na siku kidogo. Akinyamaza, mashine itauzwa na mafiga yatarudi. Akisema, ataishi chini ya turubai mpaka atakapokufa kwa nimonia, na watamzika kwa mbao nzuri sana.

Alisema. Si papo hapo. Lakini alisema kwa namna yake, na huenda moyoni alitaka isisikike vizuri.

"Baba Doreen," alisema usiku ule akimpakulia ndizi, "vya kutafunia vinatazama juu."

Ambindwile alitazama sahani yake, ndizi kavu zisizo na hata maharage.

"Najua," akasema kwa uchungu. "Na vyangu pia. Mashine ikianza kukata, vyote vitashukia nyama."

"Sisemi hivyo."

"Mama Doreen, nimekusikia tangu mwezi wa pili. Niache nile."

Akamwacha ale. Dhamiri yake ilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa upande wa nje. Kesho yake alianza kupanga moyoni mahali pa kila kitu: chungu pale, beseni pale, na lile tundu la bati angeliziba kwa lami.

Jumamosi kabla ya Pasaka alikuja mnunuzi kutoka Mbeya, jina lake Venance, kijana mwenye pikapu na simu ya mkononi ambayo haikushika mtandao Kisondela lakini aliishika yeye. Ambindwile alikuwa ameamka mapema kuipangusa mashine. Aliipangusa kwa shati lake la kanisani, na Atupokile alipoliona shati lile limejaa grisi hakuweza kupata neno la kejeli. Alilitafuta, akalikosa.

Venance alizunguka mashine, akapiga teke guu moja. Kisha akauinamia ukanda, akaupitisha kidole kwenda chini, akautoa kidole haraka, akapapasa kwenda juu. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la ndani, na likazimwa haraka.

"Mzee," alisema, "hiki ni chuma chakavu. Nitakusaidia kukiondoa tu, basi."

"Beringi zake nimezipaka mwenyewe..." Ambindwile alianza.

"Grisi haiuzwi, mzee."

Atupokile, aliyekuwa akipuliza moto kwenye turubai, aliliona lile tabasamu na akalielewa mara moja. Kijana yule ameona. Ameona kila kitu, na anakwenda Mbeya kuugeuza ule ukanda na kuipasulia nchi mbao. Kupoteza jiko kwa sababu ya mume mjinga ni jambo moja. Mume ni wake, na ujinga wake ameuzoea. Lakini kumwacha mtu apite na pikapu na kumchota mumewe kama maji ya kijito, huku yeye akihesabu mahali pa kuweka beseni!

Akainuka.

"Baba Doreen! Vya kutafunia!"

Ambindwile aligeuka, uso umemshuka kwa aibu. "Mama Doreen, tafadhali. Mgeni atapata chai tu, usinidhalilishe."

"Asante sana, mama," Venance alisema kwa upole, akishika tumbo. "Nimeshakula njiani."

"Vya kutafunia vya mashine!"

"Shemeji," Meshaki akanong'ona, "ina maana mashine nayo inataka kula?"

Atupokile aliwatazama wanaume watatu waliosimama mbele ya jiko lake. Alijua kwamba nyuma ya migomba, tangu asubuhi, kuna kisogo kimesimama kikisikiliza aibu ya mwanawe. Alijua. Akafumba macho, akavuta pumzi, na miaka yote ya adabu ikamtoka kwa neno moja.

"AMINO!" alipiga kelele. "Amino! Amino yanatazama juu!"

Hata mvua ni kama ilisita.

"Ee!" sauti iliitika kutoka kwenye migomba. "Nani ananiita?"

Atupokile akavuta kanga usoni, akachutama nyuma ya rundo la kuni. Na hapo, amejificha, akiongea na ardhi, alimweleza mumewe kwa maneno yaliyonyooka kabisa: uutoe huo ukanda, uugeuze ndani nje kama mkono wa sweta, unyooshe belti, na huyo mgeni mrudishe Mbeya na chai yake.

Ambindwile alikwenda kwenye mashine, akapapasa kwenda chini, kidole kikatoka damu. Akakitazama kile kidole kama mtu aliyesoma habari njema.

"Siku ile," alisema polepole, "uliponiambia vinatazama juu..."

"Nilikuwa nasema vinatazama juu," ilijibu kanga.

Wakaugeuza ukanda, Ambindwile na Meshaki, ukiwachapa mikono. "Haya ndiyo mageuzi wanayosema redioni!" Meshaki alipiga kelele huku akinyonya kidole. Venance alitazama saa yake, akasema mzigo wake mwingine unamsubiri Tukuyu, akaondoka na simu yake juu hewani ikitafuta watu. Injini ikakohoa. Ambindwile akasukuma kipande cha mkaratusi, na kikaingia ndani ya ule ukanda bila moshi, bila kuruka, kikitoa unga mwepesi na sauti nyembamba ya kuimba, mpaka kikatoka upande wa pili kikiwa vipande viwili. Ambindwile aliviokota vyote viwili, akavishikilia kila kimoja mkono wake, na hakujua la kufanya navyo.

Atupokile alikuwa bado nyuma ya kuni. Aliusikia wimbo ule, akajua maana yake. Jiko limekwenda.

"Wewe kuku," sauti ilianza, na kila mtu akatega sikio, kwa sababu kulikuwa na kesi. "Leo jina langu limetajwa na mtu asiyelitaja. Tena kwa nguvu, mbele ya mgeni. Desturi inasemaje? Desturi inasema alipe kuku, ampike mwenyewe kwa mkono wake, aniletee, yaishe."

"Ndiyo, tata," Ambindwile aliitikia kwa niaba ya rundo la kuni.

"Nasema na kuku, sisemi na wewe. Kuku, sikiliza. Mimi siwezi kula nyama iliyopikwa chini ya turubai. Hiyo inakuwa imechemshwa na mvua, siyo na mkwe wangu. Inatakiwa ipikwe jikoni. Jiko lenye paa, na sakafu, na dirisha la moshi kama lile la kwanza. Na mimi ni mzee. Nikifa nikimdai mtu kuku, ninyi wenyewe mnajua nitakuja kudai kwa nani. Basi. Nimemaliza. Ndaga, asanteni."

Kisogo kikaondoka kwenye migomba, polepole, kikiegemea fimbo.

Kanisa lilikuwa tayari limeagiza viti, na mwalimu mkuu alikuwa amekuja kuulizia madawati. Wote waliambiwa wasubiri, maana hakuna mtu wa Kisondela aliyetaka kulala na deni la Amoni kichwani. Mbao za kwanza za Ambindwile zikawa jiko. Kwa haki kabisa hazikuwa zimenyooka. Mtu wa grisi ni mtu wa grisi. Mlango ulifunguka wenyewe kila upepo ulipovuma kutoka mlimani, na dirisha la moshi lilikuwa pana upande mmoja kuliko mwingine, kama jicho la mtu anayekonyeza. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, na Atupokile alipopika alinyooka.

Alimchinja yule mtetea mwekundu, maana ndiye aliyekuwa mkubwa. Akampika siku nzima, akamtuma Doreen, aliyekuwa likizo, ng'ambo ya kijito na bakuli lililofunikwa.

Jioni Amoni mwenyewe alikuja kurudisha bakuli. Alifika nyuma ya migomba, akageuza kisogo, akakohoa, akasema, "Wewe kuku..." Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kuku wa kuzungumza naye alikuwa tumboni mwake.

Mlango mpya ukajifungua wenyewe. Ndani Atupokile alishusha kanga usoni, mwiko mkononi, akangoja.

Mzee aliweka bakuli chini kwenye majani. Alilitazama lile bakuli, kwa kuwa lazima mtu aseme na kitu fulani.

"Nyama ilikuwa nzuri," aliliambia. "Ndaga fijo. Ila mwenye jiko ajue, safari nyingine anichinjie kifaranga. Vya kutafunia vyangu vimebaki vitatu."